Uholanzi: Reli ya Groningen iliyokatikia Ujerumani

Jioni ya Desemba 3, 2015, meli ya mizigo Emsmoon iligonga daraja la reli la Friesenbrücke karibu na mji wa Weener, kaskazini magharibi mwa Ujerumani. Hakuna aliyepoteza maisha. Hata hivyo, reli inayouunganisha mji wa Groningen, nchini Uholanzi, na Leer ilikatika, na kwa miaka mingi abiria wakalazimika kushuka Weener na kumalizia safari kwa basi.

Reli hii ni kongwe. Ilifika Nieuweschans, mpakani mwa Uholanzi, mwaka 1868, na mwaka 1876 ikaunganishwa na mtandao wa Ujerumani kwa daraja juu ya mto Ems. Wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa wakirudi nyuma walililipua daraja hilo mwaka 1945; mwaka 1951 likawa limejengwa upya. Ina maana Ujerumani iliyokuwa magofu ilihitaji miaka sita. Ujerumani tajiri ya leo iliahidi daraja jipya mwaka 2024, na mwaka huo ukapita bila treni kuvuka.

Sababu si uzembe peke yake. Mtoni Ems hupita meli kubwa za kitalii zinazoundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, na kila moja ilipopita ilibidi kipande cha daraja la zamani kiondolewe kwa kreni. Badala ya kukarabati, ikaamuliwa lijengwe daraja linaloinuliwa kidogo kisha kuzungushwa, ili meli zipite kwa wepesi. Uamuzi huo una mantiki, lakini meli zilipata ufumbuzi wa kudumu na abiria wakapata basi.

Upande wa Uholanzi mambo huenda tofauti. Huko treni za mikoani husimamiwa na majimbo, ambayo hutangaza zabuni na kuchagua mwendeshaji. Kampuni ya Arriva, inayotoa huduma katika njia hii, ilimilikiwa kuanzia 2010 hadi 2024 na Deutsche Bahn, shirika lile lile lenye daraja lililovunjika! Kwenye njia hiyo hiyo, tawi la kutoka Zuidbroek hadi Veendam, lililopoteza treni za abiria mwaka 1953, lilizirudisha mwaka 2011. Jimbo la Groningen lilitaka, na lilikuwa na mamlaka ya kutenda.

Mamlaka hayo hukomea mpakani. Groningen, Niedersachsen na Bremen zina mpango wa pamoja uitwao Wunderline, wa kuharakisha safari kati ya Groningen na Bremen. Waholanzi wanaweza kuboresha reli na stesheni zao hadi Bad Nieuweschans, lakini ratiba ya mradi mzima imefungwa na daraja lililo kilomita chache ng'ambo ya mpaka, ambalo wao si wenye kauli ya mwisho juu yake.