Usuli wa Picha si Uchafu

Aghalabu familia inapofiwa mtaani Loresho, mojawapo ya kazi za mwanzo ni kutafuta picha ya marehemu ya kutia katika kijitabu cha mazishi. Inayopatikana huwa ya harusi, ya mahafali, au ya siku ya kawaida tu uani. Fundi wa kompyuta, awe wa mtaani humo, wa Kangemi jirani au wa River Road mjini, huombwa aondoe yote yaliyo nyuma. Marehemu hung'olewa miongoni mwa watu wake, akawekwa juu ya weupe mtupu au mawingu ya buluu.

Kitendo hiki kimerahisishwa mno. Programu ya Photoshop ilipotolewa mwaka wa 1990, fundi alilazimika kuufuata ukingo wa mwili kwa kipanya, polepole, na nywele za kipilipili zilimtoa jasho kwa kuwa ncha zake huchanganyika na rangi za nyuma. Tangu mwaka wa 2018, ilipozinduliwa huduma ya remove.bg, mashine hukisia yenyewe palipo na mtu na pasipo na mtu, kwa sekunde chache. Ikikosea, ukingo wa kilemba huenda pamoja na ukuta.

Wapo watakaodai kuwa wapiga picha wa Afrika Mashariki hawakuwahi kufungwa na mandhari halisi. Hoja hiyo ina uzito. Kule Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha sura za watu na maua kwa mkono, kabla kompyuta haijafika studioni. Nao wapiga picha wa kivuko cha Likoni, katika miaka ya 1990, waliwasimamisha wateja mbele ya pazia zilizochorwa meli na ndege. Hata hivyo, pazia la Likoni lilinena: lilionyesha mteja alikotamani kufika. Weupe wa kijitabu hauneni lolote. (Pasipoti ni suala jingine, afisa wa uhamiaji anataka uso, hataki nyumba.)

Kinachopotea hasa ni ushahidi. Nyumba za Loresho zenye nyua pana zinazidi kupisha maghorofa, na ua wa michongoma ulio nyuma ya bibi huenda usionekane tena popote ila katika picha hiyo. Zaidi ya ua, kuna watu. Yaya aliyembeba mtoto kando, mtunza bustani aliyeinama na jembe lake: hawa hawakupigwa picha kwa ajili yao wenyewe. Katika kumbukumbu za nyumba walizozitumikia miaka na miaka, wamo nyuma ya wengine tu. Anayefuta nyuma huwafuta wao kwanza.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kupitishiwa tasnifu isiyo na usuli wa mada, ilhali picha ya nyanyake huikubali bila usuli wowote. Baadhi ya wafasiri wa programu hutumia mandharinyuma, neno linalomfaa fundi. Usuli lafaa zaidi, kwa sababu hubeba pia maana ya asili na chimbuko.

Fundi na aendelee kukata familia ikitaka, lakini nakala nzima ihifadhiwe kwa jina lake pekee. Iliyochapishwa iandikwe nyuma mwaka, mahali, na majina ya wote waliomo, la yaya likiwemo.