Staa, Hiyo Siyo Nuksi, Ni Hesabu

Kuna staa mmoja wa mjini, kila akitolewa kwenye mashindano ya poka anaingia Insta kulia nuksi. Nuksi gani? Ana kopa mbili mkononi, mezani zimefunguliwa karata tatu, kopa mbili, bado moja tu. Mpinzani anasukuma chipu zote, naye anafuata fasta kama kaitwa pilau.

Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 47 asizoziona. Kwa karata mbili zijazo, anaipata kama mara 35 kwa 100. Ikibaki moja, haifiki 20. Sawa, mzigo ukiwa mnono sana kufuata kunalipa. Ila haya ni mashindano: chipu zikiisha, rudi nyumbani, wakati wenzako wenye chipu kiduchu walikuwa mbioni kutoka wakuachie nafasi ya malipo.

Kopa hizohizo angesukuma yeye kwanza! Wengine wangetupa karata, abebe mzigo bila kusubiri kopa yoyote. Akifuatwa, bado ana zile 9. Anayefuata tu anabaki kuomba kopa. Halafu mashabiki wanampa pole, eti kaonewa. Kaonewa na nani?