Samaki si mdoli jamani!

Wadau, juzi nimetoka zamu ya usiku, nikapita ufukweni mwa ziwa Mälaren hapa Norsborg. Jamaa kavua gädda, yule samaki mrefu mwenye meno makali. Kapiga naye picha, kamrudisha majini! Ndoano hapa ni bure, haina leseni, ndiyo iwe mchezo wa kutoboa viumbe midomo? Uswisi tangu 2009 ni marufuku kuvua kwa nia ya kuachia. Najua, asiyefikia kipimo lazima arudi. Na wajawazito, nesi nawaambia, gädda ana zebaki, mara mbili tatu kwa mwaka basi. Lakini kama humli, ndoano ya nini? Kwetu Mwanza wangekushangaa. Haya, nipingeni!