Fonti Si Urembo, Wasee

Kuna watu wakisikia "fonti" wanafikiria kadi ya harusi tu. Mimi nasema fonti ndiyo inaamua kama lugha yako itaonekana kwa skrini ama haitaonekana. Mfano wangu ni Kiebrania kwa Linux, mwisho wa miaka ya tisini.

Wakati huo mfumo wa X, ule unaochora madirisha kwa Linux, haukujua kusoma faili za TrueType wenyewe. Ilibidi uwashe seva ya fonti, programu ndogo kama xfstt inayokaa kwa poti 7101. X inaiomba herufi, yenyewe inafungua faili na kuipatia umbo. Unaweka faili kwa folda, unaandika xfstt --sync, unawasha seva, halafu xset +fp unix/:7101. Hapo bado hujamaliza. Kama hujataja mpangilio wa herufi wa iso8859-8, neno shalom linatokea hivi: ùìåí. Si virusi. Namba 249 kwa mpangilio huo ni herufi shin, lakini kwa ule wa Ulaya Magharibi ni ù.

Na hata zikitokea sawa, seva haijui kwamba Kiebrania husomwa kutoka kulia. Hiyo ni kazi ya programu unayoandikia, na nyingi hazikuijua. Kwa hivyo watu waliandika maneno kinyumenyume ili yasomeke. Hebu fikiria kuandika insha nzima ya "irabah" badala ya "habari". Aki!

Lakini amri unaweza kukariri. Kilichoniudhi zaidi ni hili: faili zenyewe unatoa wapi? Njia rahisi ilikuwa kunakili za Windows, kama Arial na David. Hizo zina leseni, huwezi kuzifunga ndani ya Linux na kuigawa bure. Yaani umehama Windows, halafu unarudi kuiomba herufi za lugha yako mwenyewe.

Ndiyo maana salamu zangu zinaenda kwa Maxim Iorsh, aliyeanzisha mradi wa Culmus mwaka wa 2002. Ni fonti za Kiebrania chini ya leseni ya GPL: tumia, badilisha, gawa. Debian inazo mpaka leo.

Najua kuna mjuaji atasema XFree86 4.0 ilianza kusoma TrueType mwaka wa 2000, kisha fontconfig ikaja, seva zikastaafu, shida ikaisha. Nakataa. Fontconfig inatafuta fonti, haichori. Kama folda yako ni tupu, itakutafutia nini?

Sisi wa Kiswahili hatukuhisi hii moto kwa sababu a mpaka z zinatutosha. Lakini uliza msee yeyote anayetengeneza mabango ya Gĩkũyũ. Fonti tamu, umelipia, halafu haina ĩ wala ũ. Mteja anaandikiwa i na u za kawaida, na anaambiwa "itasomeka tu".