Mwanamaji aliyeongoza vita vya msituni

Katikati ya Novemba 2008, waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda wakiwa karibu na mlango wa Goma, Rais Joseph Kabila alimwondoa Jenerali Dieudonné Kayembe kwenye uongozi wa jeshi la FARDC na kumweka Didier Etumba Longila. Mkubwa huyo mpya wa majeshi yote alikuwa vis-amirali, yaani cheo chake kilikuwa cha jeshi la majini. Alikaa kwenye kiti hicho karibu miaka kumi, hadi Julai 2018, na njiani cheo chake kikageuka kuwa cha jenerali kama wale wa nchi kavu.

Kwa mkaaji wa Mambasa, neno amirali linasikika kama neno la mbali. Hapa maji ni mto Ituri, na barabara ni ile ya taifa namba 4 inayotoka Komanda kwenda Nia-Nia hadi Kisangani. Wilaya hii peke yake inachukua zaidi ya nusu ya jimbo la Ituri, na sehemu kubwa ni msitu. Lakini amri zilizowaleta askari Mambasa, au zilizowaacha wasifike, zilipitia meza ya huyo mwanamaji kwa muda mrefu kuliko za mkubwa mwingine yeyote wa jeshi tangu FARDC iundwe.

Basi miaka hiyo ihesabiwe. Tarehe 24 Juni 2012, Mai-Mai Simba wa Paul Sadala, aliyejulikana kama Morgan, walishambulia Epulu, makao makuu ya Hifadhi ya Okapi. Waliua walinzi wa hifadhi na watu wengine, wakachoma nyumba, wakateka wanawake. Okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale walikufa. Dunia nzima ililia okapi, na ilikuwa haki kuwalilia, ila wanawake waliochukuliwa msituni walipata nafasi ndogo sana kwenye habari. Morgan aliendelea kuranda kwenye machimbo ya dhahabu kwa karibu miaka miwili. Aprili 2014 alikufa kwa risasi baada ya kujisalimisha kwa jeshi, na mengi aliyoyajua kuhusu wanunuzi wa dhahabu na pembe za ndovu yakazikwa pamoja naye. Kesi ya Morgan mwenyewe, ambayo watu wa Epulu wangeweza kwenda kuisikiliza, haikutokea.

Mwaka ule ule wa Epulu, tarehe 20 Novemba, M23 waliingia Goma. Aliyesimamishwa kazi siku chache baadaye ni Jenerali Gabriel Amisi wa jeshi la nchi kavu. Mkuu wa majeshi yote alibaki. Ni haki pia kusema kwamba chini ya uongozi wake FARDC, ikisaidiwa na kikosi maalum cha Umoja wa Mataifa, iliwafukuza M23 mnamo Novemba 2013, na siku hizo raia wa Kivu walipiga makofi kwa askari wao bila kulazimishwa na mtu. Mwaka mmoja baadaye mauaji ya raia yakaanza Beni, Oktoba 2014, na moto huo baadaye ukavuka hadi Irumu na Mambasa.

Je, kosa ni kumpa mwanamaji vita vya msitu? Hapana. Kenya ilifanya vivyo hivyo mara mbili. Joseph Kibwana, aliyekuwa kamanda wa jeshi la majini, aliongoza majeshi yote kuanzia 2000 hadi 2005. Samson Mwathethe, mtoto wa pwani aliyeingia jeshini mwaka 1978, alipanda ngazi moja moja ndani ya jeshi la majini hadi akawa mkuu wa majeshi mwaka 2015, na Mei 2020 akamkabidhi Robert Kibochi. Nako si peponi: askari wengi wa Kenya waliuawa El Adde, Somalia, Januari 2016, na idadi yao kamili haikuwekwa wazi. Hata hivyo, Mkenya wa kawaida anaweza kufuata njia ya Mwathethe mwaka kwa mwaka. Kwetu, vyeo vingi vilitoka kwenye meza za mapatano, vikundi vikichanganywa jeshini na kila kimoja kikija na makoloneli wake. Raia husikia jina likisomwa kwenye runinga ya taifa, kisha husikia jina lingine.

Na kuna jambo linalouma zaidi Ituri. Kama kungekuwa na mahali ambapo amirali angeacha alama, ni kwenye maziwa. Agosti 2007, mzozo wa kisiwa kidogo cha Rukwanzi, Ziwa Albert, ulileta risasi na vifo, hadi Kabila na Yoweri Museveni wakakutana Ngurdoto, Tanzania, Septemba hiyo. Miaka kumi na moja baadaye, mwanzoni mwa Julai 2018, wanamaji wa Congo na wa Uganda walipigana kwenye Ziwa Edward, watu wakafa pande zote mbili. Siku chache tu baada ya hapo, Etumba aliondolewa na Célestin Mbala akachukua nafasi. Mvuvi wa Tchomia au Kasenyi anayekamatwa majini na kunyang'anywa nyavu na moteri hajaona tofauti kati ya enzi ya mwanamaji na enzi zilizofuata.

Tangu Mbala, kiti kimepita kwa Christian Tshiwewe, kisha kwa Jules Banza mnamo Desemba 2024. Ituri yenyewe iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Wabunge wa Ituri walioko Kinshasa wana haki ya kuuliza, kila mkubwa wa jeshi anapobadilishwa, anayetoka ameacha askari wangapi kati ya Komanda na Nia-Nia, wanakula nini, na mashua ngapi za doria zinatembea kweli Ziwa Albert. Mbunge wa kwanza kuuliza hivyo atasikilizwa Mambasa kuliko yule anayekuja na fulana za kampeni.