"Kuna Mtu Ametoa Zaidi Yako"



Leo tuongee juu ya sentensi moja ambayo imewakosesha watu wengi usingizi: "Kuna mtu ametoa zaidi yako."

Umeona nyumba Kitengela ama Ruiru. Umeipenda. Umesema utatoa milioni 7 na nusu. Jioni broka anakupigia simu. Kuna mtu ametoa milioni 8, na kesho asubuhi analipa. Mtu huyo hujamwona na jina lake huambiwi. Usiku huo wewe na mwenzako hamlali. Mnahesabu pesa za Sacco, mnahesabu za chama, mnajiuliza ni nani mtamkopa. Kunapokucha unaongeza laki sita. Na hutawahi kujua kama yule mtu alikuwepo.

Hapa Kenya tumezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa. Mpendwa, kuna pia wanunuzi hewa.

Wengine wataniambia, "Pastor, hiyo ni biashara tu." Mimi nasema ni wizi. Laki sita iliyotolewa mfukoni mwa familia kwa jina la mtu ambaye hayupo ni laki sita iliyoibwa, hata kama ilipitia kwa wakili na ikaandikiwa risiti. Soma Mithali 20:10 uone Mungu anavyochukia mizani ya udanganyifu. Zamani mizani ilikuwa ya kupimia nafaka na fedha. Kwa broka, mizani ni ulimi wake, kwa sababu bei ya wengine wewe huwezi kuiona. Unaijua kwa kinywa chake peke yake.

Lakini tusiwaonee mabroka. Kwanza elewa ni mtumishi wa nani. Mara nyingi anayemlipa ni muuzaji, na kamisheni yake hupimwa kwa bei ya nyumba. Kazi yake ni kumtafutia muuzaji bei nzuri, na wakati mwingine huyo mnunuzi wa pili yupo kweli, ana pesa kweli. Kumtumikia muuzaji si dhambi. Dhambi ni kuumba mnunuzi ambaye Mungu hakumuumba.

Na wewe mnunuzi, usikae hapo ukisema amina kwa sauti kubwa. Mithali 20:14 inakutaja. Ukiwa mbele ya broka unaponda nyumba: maji hakuna, barabara mbaya, rangi imechakaa. Ukifika nyumbani unajisifu umepata mali kwa bei ya kutupa. Halafu kuna wale wanaozungushwa na broka miezi mitatu, kwa mafuta yake na muda wake, kisha wanachukua namba ya muuzaji na kumalizana naye kichinichini ili kamisheni isilipwe. Yesu mwenyewe alisema mtenda kazi anastahili ujira wake, Luka 10:7. Ukimdhulumu leo, usishangae kesho akimwona kila mnunuzi kuwa mwongo. Uaminifu huharibika pande zote mbili.

Sasa nifike mahali panaponiuma zaidi. Tuna ugonjwa kanisani. Mtu akisema ameokoka, tunaacha kuuliza maswali. "Ni ndugu yetu, anaimba kwaya, hawezi kunidanganya." Unatuma pesa kwa Mpesa bila karatasi, na unaita hiyo imani.

Hiyo si imani. Fungua Mwanzo 23. Mungu alikuwa amemwahidi Ibrahimu nchi ile yote. Lakini alipotaka pango la Makpela amzike Sara, hakusema, "Hii tayari ni yangu kwa ahadi." Alizungumza na wenyeji penye lango la mji, akataka auziwe kwa bei kamili, akapima shekeli 400 za fedha watu wakisikia. Shamba, pango, hata miti iliyokuwa mpakani, yote yalitajwa.

Nenda Yeremia 32. Nabii ananunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mtoto wa ami yake. Ni damu moja! Tena Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia anunue. Na bado alipima shekeli 17, akaandika hati, akaita mashahidi, na Baruku akaambiwa aweke nakala mbili kwenye chombo cha udongo zidumu. Kama nabii alimwandikia binamu yake hati, wewe unaogopa nini kumwomba mwimbaji wa kwaya risiti? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hivyo, unapoingia kwenye kushindania nyumba, fanya haya.

Kaa na mwenzako kabla ya simu kuanza kulia, mkubaliane bei ya mwisho. Kumbukeni ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 mashambani. Nyumba ya milioni 8 mjini ina laki 3 na elfu 20 juu ya bei, na wakili hajalipwa.

Toa bei yako kwa maandishi, na useme itadumu mpaka siku gani. Ukiambiwa kuna mwingine, uliza kwa heshima: ameandika? Muuzaji mwenyewe anajua? Kila mtu anaweza kuleta bei yake ya mwisho siku moja, saa moja? Broka mwaminifu hakasirishwi na maswali hayo. Anayekujibu kwa haraka na vitisho amekujibu tayari.

Uliza kama amesajiliwa. Sheria yetu, Sura ya 533, inamtaka wakala wa nyumba awe amesajiliwa na bodi. Nenda ofisi ya ardhi, ama Ardhisasa pale ilipofika, uone jina la mwenye hati na kama benki inaidai nyumba hiyo. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, hakikisha mume na mke wote wamekubali kuuza. Malipo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, yapitie kwa mawakili na mkataba uliotiwa sahihi, yasiende kwa simu ya mtu.

Na bei ikipita ile mliyokubaliana nyumbani, achilia. Nyumba inayokuondolea amani kabla hujaingia haitakupa amani ukishaingia.

Kwa ndugu zangu mabroka mlio kwenye ushirika: msiniombe niwatangazie nyumba madhabahuni. Sitafanya. Mtu akisikia nyumba kutoka kwenye kinywa kilichomhubiria Neno, ataacha kuuliza, na mimi sitaki mtu aache kuuliza. Jina lako zuri lijengwe na wale uliowauzia. Siku utakapomwambia mteja, "Hakuna mtu mwingine, ni wewe tu," hata kama inakupunguzia kamisheni, siku hiyo utakuwa umehubiri kunishinda.

Baba, wape watu wako nyumba bila machozi. Wape mabroka wetu ulimi wa kweli, na wanunuzi wetu moyo wa haki. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu anakuharakisha ulipe wiki hii, usilipe kabla hujamwonyesha wakili karatasi zote. Mtumie ujumbe huu ndugu mmoja anayetafuta nyumba.

Mbarikiwe.