Bibi harusi, usipokee kiwanja cha kuonyeshwa kwa mkono



Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu hapa Bukoba bibi harusi mtarajiwa, kupimwa gauni. Nikiwa nazungusha futi kiunoni akaniambia kwa furaha kwamba mahari yake yana fedha kidogo, Msahafu, na kiwanja. Kiko Muleba, karibu kabisa na lami.

"Kimepimwa, mdogo wangu?"

Akacheka. "Dada, baba mkwe alituonyesha mwenyewe. Kuanzia kwenye mparachichi mpaka pale migomba inapoishia."

Nikaweka futi mezani. Mimi na viwanja vya kuonyeshwa kwa mkono tunajuana.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua kipande pembezoni mwa mji. Fedha yake ilikuwa ya misimu miwili ya harusi, na mnajua msimu wa harusi kwa fundi ni kulala saa nane za usiku. Mzee aliyeniuzia alikuwa anamega kibanja chake cha migomba. Alipiga hatua 25 upande mmoja, hatua 20 upande wa pili, tukapanda omulamula kwenye kona, ule mti wetu wa mpaka ambao kila Mhaya anaujua. Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wakatia sahihi, tukanywa chai. Nilirudi nyumbani nikiwa mwenye ardhi.

Yule mzee alikuwa amemega vipande saba na hakuacha njia hata moja. Kila mnunuzi alidhani atapita kwa jirani. Urasimishaji wa makazi ulipofika mtaani kwetu, wapimaji walikuja na vyombo vyao wakagundua kwamba kipande changu na cha jirani vinapandana, na kwamba ili gari la zimamoto au la wagonjwa lipite, kila mmoja lazima aachie ardhi. Upande wangu wa mbele, ambako nilipanga kujenga fremu ya duka, ukawa barabara. Kwenye kikao ndugu wa muuzaji wakasimama kusema kibanja kile ni cha ukoo na mzee hakuwa na ruhusa ya kukiuza. Mimi nilipoinuka kujieleza niliulizwa mume wangu yuko wapi. Jirani yangu, ambaye naye alinunua kwa karatasi ya daftari kama mimi, hakuulizwa mke wake yuko wapi.

Alhamdulillah, nilibaki na kiwanja. Kimepungua, lakini kina namba, kina bikoni kwenye kona, na jina lililoandikwa ni langu. Toka siku ile nimekuwa mtu wa kuwasemea watu wa mipango miji, jambo ambalo mafundi wenzangu hunicheka.

Wengi tunaziona kanuni za kupanga na kugawa ardhi kama usumbufu wa ofisini. Nenda kwa afisa ardhi, rudi kesho, lipa hiki, subiri kile. Mimi nasema mtu anayezihitaji zaidi kanuni hizo ni mwanamke. Ardhi isiyopimwa inalindwa na kumbukumbu za watu: nani alipanda mti gani, babu alisema nini, mpaka ulikuwa wapi kabla ya mvua kubwa. Huku kwetu kumbukumbu hizo wanazo wazee wa ukoo, na wewe uliyeolewa ni mgeni. Siku ya ugomvi mwanamume ataita wajomba na baba wadogo kumi. Wewe utaita nani?

Hapa Muleba kuna mfano uliofika mbali. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, na alirithi kwa wosia. Mwaka 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote ila asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo na kuagiza mnunuzi arudishiwe fedha yake. Mama yule akakata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba akashinda. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema vivyo hivyo: Katiba yetu ina haki za binadamu, na mila inayomnyima mwanamke alichomruhusu mwanamume haiwezi kusimama mbele yake. Ndugu wa ukoo wakiitaka ardhi, wamrudishie mnunuzi zile 300,000 ndani ya miezi sita.

Kesi hiyo wanaisoma wanafunzi wa sheria mpaka leo, na imetoka hapa kwetu kwenye migomba. Miaka tisa baadaye zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, zote zikitamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kwa hiyo kwenye karatasi tumeshashinda. Kinachotuangusha ni kwamba ardhi yetu wenyewe haipo kwenye karatasi.

Turudi kwa bibi harusi wangu. Nilimwambia maswali ni machache tu. (Wasomaji wa Unguja na Pemba, sheria ninazozitaja ni za Bara. Nyinyi mna Sheria yenu ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, lakini maswali hayapishani sana.)

La kwanza, ardhi hiyo ni ya kijiji au iko ndani ya eneo lililotangazwa la upangaji miji? Kama ni ya kijiji, anayehusika ni halmashauri ya kijiji, na unachotafuta ni hati ya haki miliki ya kimila. Ile haina kikomo cha miaka, na inaweza kubeba majina ya mke na mume pamoja. Kama ni ya mji, hali ni nyingine, na hapo ndipo watu wengi tunaumia. Huwezi kuchukua kiwanja ukakimega kama mkate. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 anayetaka kugawa kiwanja anaomba kwa halmashauri, na mchoro wa mgawanyo unachorwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Mchoro unaonyesha njia za kupita na ukubwa wa kila kipande. Ukikubaliwa ndipo mpima anakwenda kupanda bikoni, ramani ya upimaji inaidhinishwa, na mwisho ile hati ya zamani inarudishwa ili zitoke mpya, kila kipande na yake. Hati ya mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Mpangilio ndio huo. Anayekwambia "nunua kwanza, mchoro utakuja" anakuuzia gauni ambalo kitambaa chake bado kiko dukani kwa mtu mwingine.

La pili, hilo neno "karibu na lami". Barabara kuu kama hii inayotoka Bukoba kupita Muleba kwenda Biharamulo ina hifadhi yake. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Yule binti aliponieleza mparachichi uko wapi, nilihisi nusu ya mahari yake imo ndani ya hizo mita 30. Na nyie mnaotamani viwanja vya kuangalia ziwa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe. Muuzaji hatakwambia. Yeye atakusifia upepo.

La tatu ni la dini, na nalisema kama mwanafunzi, masheikh wanirekebishe. Tumefundishwa mahari yajulikane, yasiwe kitu cha kubahatisha. Ukiambiwa ng'ombe, unaambiwa wangapi. Ukiambiwa dhahabu, unaambiwa uzito. Inakuwaje ardhi peke yake iwe "kuanzia hapa mpaka kule"? Mtume (S.A.W.) ameonya vikali kuhusu kumdhulumu mwenzako ardhi hata shubiri moja, na ametaja laana kwa anayesogeza alama za mipaka. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Mtu akikuona huna imani kwa sababu umetaka maandishi, muulize kama ameisoma aya hiyo.

Sasa nihamie kwenye jambo ambalo nahisi hatuliongei vya kutosha, nalo ni mirathi. Hapa kanuni za viwanja zinagongana na faraidh.

Chukua baba aliyefariki Kashai au Hamugembe, wazazi wake walishatangulia. Ameacha mjane, wavulana wawili na wasichana watatu. Mali ni kiwanja kimoja cha mita za mraba 640. Mjane anachukua moja ya nane. Kinachobaki, kila mvulana anapata mara mbili ya msichana. Ukipiga hesabu, mjane ana mita 80, kila msichana ana mita 80, kila mvulana ana mita 160. Hesabu imenyooka kabisa. Lakini peleka mchoro huo manispaa uone. Mita 80, utoe njia, utoe nafasi ya kuacha kati ya nyumba na mpaka, choo kikae wapi? Kanuni zina kiwango cha chini cha ukubwa wa kiwanja cha makazi, na mgawanyo wa vipande sita kwenye mita 640 hautapita.

Kinachofuata nimekishuhudia kwa wateja wangu zaidi ya mara moja. Kaka mkubwa anarudi kutoka ofisini anasema, "Wamesema hakigawanyiki." Basi, anabaki nacho. Dada zake wanaambiwa wana waume zao, mama anapewa chumba cha uani. Kanuni ya mipango miji imegeuzwa kuwa mkasi wa kukata jina la mwanamke.

Manispaa imesema ardhi haiwezi kumegwa vipande vidogo kiasi hicho. Haikusema haki ya dada imefutwa. Sheria ya Ardhi inaruhusu watu kumiliki kiwanja kimoja kwa hisa, kila mmoja na fungu lake linalojulikana, na akifa fungu lake linaenda kwa warithi wake. Hati moja, majina sita, na mafungu yakaandikwa vilevile kama kadhi au sheikh alivyoyapiga. Au kaka anayetaka kubaki na kiwanja akithamini kwa bei ya leo awalipe wenzake mafungu yao. Au kiuzwe, fedha igawanywe. Dada zangu, msitoke kwenye kikao cha mirathi kabla mojawapo ya haya halijaandikwa na kutiwa sahihi. Ukienda ukisema tutaongea baada ya arobaini, utakuta fremu za duka zimeshasimama.

Lawama yangu kwa wenye kanuni ni moja, na ni ya fedha. Mchoro una gharama, mpima ana gharama, ada za hati zipo, na mwanamke anayeuza vitumbua akipiga jumla anaona bora karatasi ya daftari. Kisha anaitwa mvamizi. Wakati wa urasimishaji mtaa mzima ulichangia, gharama ikagawanyika, hata mimi fundi wa cherehani nikaimudu. Kwa nini wanawake kumi wanaonunua kibanja kimoja wasipate utaratibu huohuo kabla ya kujenga, badala ya kusubiri mpaka nyumba zijae ndipo njia zitafutwe? Na hayo maelezo yabandikwe kwenye ofisi ya kata, kwa Kiswahili ambacho mama aliyeishia darasa la saba anakisoma. Mimi nina kidato cha nne na bado ilinichukua safari tatu kuelewa tofauti ya mchoro na ramani ya upimaji.

Yule bibi harusi alirudi kwa ajili ya kujaribu gauni. Alikwenda Muleba na mjomba wake pamoja na mtendaji wa kijiji, wakapima kwa kamba kutoka katikati ya barabara. Mparachichi umo ndani ya hifadhi. Baba mkwe alinuna siku mbili, kisha yeye mwenyewe akapendekeza kipande cha nyuma, upande wa migomba, kipimwe kwanza na jina la binti liandikwe kabla ya khutba ya ndoa. Mashangazi wa bwana harusi bado wanasema binti ana maneno mengi.

Gauni limeshamalizika, limetundikwa dukani ndani ya nailoni. Tunamsubiri mpima, ameahidi kufika Jumanne, inshaallah.